Nani Aliwafunda Askari wa Stanford?

Jumapili moja ya Agosti 1971, polisi wa Palo Alto, California, walipita nyumba kwa nyumba wakikamata vijana wa chuo. Waliwapekua, wakawatia pingu mbele ya majirani. Kosa hawakuwa nalo. Walikuwa wameitikia tangazo la gazeti lililotafuta wanafunzi wa kiume kwa utafiti wa maisha ya gerezani, malipo dola 15 kwa siku. Gereza lenyewe lilikuwa vyumba vya chini ya ardhi katika idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Stanford.

Profesa Philip Zimbardo alikuwa amechagua vijana 24 na kuwagawa kwa bahati nasibu, hawa askari, hawa wafungwa. Askari walipewa sare za kaki, virungu na miwani ya kioo inayoficha macho. Wafungwa walivishwa magauni yenye namba, mnyororo mguuni na soksi ya nailoni kichwani. Siku ya pili wafungwa waligoma na kuziba milango kwa vitanda. Askari waliwazima kwa mitungi ya kuzimia moto, wakawavua nguo, na usiku wakawa wanawaamsha kuwahesabu na kuwapigisha pushapu. Utafiti wa wiki mbili ulikatishwa siku ya sita, baada ya mwanasaikolojia Christina Maslach kuyaona hayo na kuja juu.

Zimbardo alihitimisha kwamba nafasi anayopewa mtu humbadili, hata awe mwema kiasi gani. Kwetu tunaojua kwamba maskini akipata matako hulia mbwata, hitimisho hilo lilikuwa tamu. Labda tamu mno.

Askari waliokuwa wakatili kweli walikuwa kama theluthi moja tu. Wengine walifuata kanuni bila kuongeza chumvi, na baadhi waliwafanyia wafungwa hisani ndogondogo. Kama sare inammeza mtu, mbona iliwatema wengi namna hiyo?

Tangazo nalo lina kesi ya kujibu. Mwaka 2007 Thomas Carnahan na Sam McFarland walitoa matangazo mawili yanayofanana, ila moja tu lilitaja gereza. Waliovutiwa na lile la gereza walipimwa wakaonekana kuwa na ugomvi na kupenda ubabe zaidi, na huruma kidogo.

Kabla ya hapo kulikuwa na jaribio la Uingereza. Desemba 2001, Alex Haslam na Stephen Reicher walishirikiana na BBC kujenga gereza jingine, wakawaweka humo wanaume 15, lakini askari hawakuelekezwa namna ya kutawala. Askari hao walionea haya madaraka yao na hawakuwa na umoja. Wafungwa ndio walioshikamana. Siku ya sita utawala ulipinduliwa, wote wakaanzisha jumuiya ya usawa. Hiyo nayo ilianza kuyumba, baadhi yao wakapanga kurudisha utawala wa mkono wa chuma, na watafiti wakafunga shughuli siku ya nane.

Tofauti ya majaribio hayo mawili iko katika kanda za Stanford, ambazo mtafiti Mfaransa Thibault Le Texier alizichambua na kuandika matokeo mwaka 2018 na 2019. Kabla wafungwa hawajafika, Zimbardo, aliyejipa nafasi ya msimamizi mkuu, aliwaeleza askari kwamba wangeweza kuwatia wafungwa hofu na kuwafanya wajione hawana uwezo wowote. Katika kanda moja, mkuu wa gereza, mwanafunzi kama wao, anambembeleza askari mpole aache kukaa pembeni. Hamtishi wala hamwamrishi. Anamwambia kwamba ukali wake utasaidia kuionyesha dunia ubaya wa magereza, ili yarekebishwe. Kijana anaombwa aonee watu kwa ajili ya jambo jema.

Zimbardo alilitetea jaribio lake hadi alipofariki Oktoba 2024. Kuhusu kanda hiyo alisema askari wa gereza halisi hupewa maagizo makali kuliko hayo. Ni kweli, na ndiyo sababu hoja hiyo inamgeukia mwenyewe: huko nako yupo anayeagiza.