Sigalagala ina nini? Somo la nishati safi kwa vijana wa Pwani



Kila ninapoandika juu ya ajira katika safu hii, vijana hunitumia swali moja: "Nina wazo la biashara ya sola, au ya gesi ya samadi, nianzie wapi?" Kabla sijajibu, wakubwa huwa washawajibu: nendeni Nairobi, pesa ziko huko. Leo nataka kueleza kwa nini jibu hilo halitoshi. Mfano wangu uko mbali na bahari, katika kituo kidogo kiitwacho Sigalagala, kaunti ya Kakamega. Nilisomea stashahada yangu ya umeme huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hadi leo nina marafiki wanaonifungulia mlango nikipita.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Teknolojia safi ni chombo au njia yoyote inayompa mtu moto, mwanga, maji au usafiri bila kumaliza msitu wala kuchafua hewa. Jiko linalookoa kuni limo, na mtambo wa gesi ya samadi umo, sawa na paneli za sola. Usidhani lazima iwe kitu cha kompyuta.

Biashara ya aina hii haiwezi kuanzishwa popote tu. Muuza nguo hubeba mzigo wake akaufuata mteja, lakini mjenzi wa mitambo ya gesi hawezi kubeba ng'ombe. Ndiyo maana mahali ni nusu ya mtaji. Mimi hupapima mahali kwa mambo manne: wateja, malighafi, mafundi na njia.

Tuanze na wateja. Sensa ya 2019 iliikuta Kakamega na watu 1,867,579, takriban 618 kwa kila kilomita mraba. Kwale tulikuwa takriban 105. Maana yake kwa fundi ni kwamba akitoka Sigalagala kwa pikipiki asubuhi, anaweza kukagua majiko kumi kabla ya adhuhuri. Huku kwetu, bara ya Kinango, siku nzima huishia nyumba tatu, na mafuta ya pikipiki yamekula faida. Halafu wateja wenyewe wana haja. Nyumba nyingi za mashambani kule bado hupikia kuni, na pembeni yao uko Msitu wa Kakamega, mabaki ya msitu wa mvua ulioungana zamani na misitu ya Kongo. Kadiri msitu unavyolindwa, ndivyo kuni zinavyoadimika, na mama anayetembea mbali kutafuta mzigo wa kuni hahitaji semina ya kuambiwa jiko bora lina faida gani.

Pili ni malighafi. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Panapo mvua pana majani, panapo majani pana ng'ombe, na ng'ombe ndiye kiwanda cha kwanza cha gesi. Mtambo wa samadi hufanya kazi hivi: samadi huchanganywa na maji, kiasi sawa kwa sawa, ikamiminwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa. Humo vijidudu huila na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Gesi hupanda juu, ikafuata mpira mpaka jikoni. Masalio yanayotoka upande wa pili ni mbolea nzuri ya shambani. Ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa zizini hutosha kupikia familia ya kawaida. Zingatia neno zizini. Ng'ombe anayeshinda malishoni huacha samadi yake njiani. Ongeza kwenye hesabu makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari, ambayo huweza kushindiliwa yakawa makaa ya kupikia.

Tatu ni mafundi. Sigalagala pana chuo cha ufundi cha kitaifa, kando ya barabara kuu. Vijana husomea umeme, mitambo, ujenzi na magari, wakatoka na mikono inayojua kazi. Mjini Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na Kisumu kuna kituo cha KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda. Biashara changa haina pesa za kumleta mtaalamu kutoka mbali kila mtambo unapovuja. Ikiwa anayejua kuchomelea bomba anaishi ng'ambo ya barabara, umeokoa mwaka mzima wa hasara.

Usiudharau pia ujuzi wa akina mama. Jiko la udongo liitwalo Upesi, ambalo hujengewa jikoni kwa matope, lilienea magharibi mwa Kenya kwa mikono ya vikundi vya wanawake wafinyanzi. Nalo ni teknolojia safi.

Nne ni njia. Sigalagala iko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, na ukiendelea na barabara hiyo utafika Kitale hadi Lodwar. Kisumu ni mwendo wa saa moja hivi, na kuna uwanja wa ndege na bandari ya ziwa. Busia na Malaba, milango ya Uganda, haziko mbali. Ukishindwa kuuza hapo, una majirani wa kuwauzia.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana sipendi kuwauzia watu ndoto. Mvua inayoleta majani huleta na mawingu, kwa hivyo anayetegemea sola pekee atafaidi zaidi Lodwar au Malindi kuliko Kakamega. Mashamba nayo yamegawanywa mno baina ya warithi, na wengi wana ng'ombe mmoja tu. Zaidi ya yote, kaunti hiyo imeona kwa macho yake jinsi nishati safi inavyoweza kuanguka. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilichoma makapi ya miwa kuzalisha umeme, kikawa kinaiuzia Kenya Power takriban megawati 26. Mtambo ulikuwa mzuri. Lakini madeni yalikilemea kiwanda, wakulima wakakosa malipo wakaacha miwa, na mwaka 2019 benki iliyokuwa ikikidai ikaweka meneja wake. Miwa isipofika hakuna makapi, na bila makapi mtambo unapoa. Mkulima asipolipwa kwa wakati, hakuna teknolojia itakayosimama.

Hapo linaingia suala la mtaji, na kwetu sisi Waislamu lina uzito wake. Vijana wengi huacha mawazo yao kwa sababu njia wanayoonyeshwa ni mkopo wa riba. Njia nyingine zipo. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine kazi, faida wakagawana kwa makubaliano, na hasara ya mali ni ya mwenye mali isipokuwa mtendaji amezembea. Katika murabaha, benki hununua mashine yenyewe kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana, ukalipa kidogo kidogo. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, Gulf African ikiwa mojawapo. Na kabla ya benki kuna familia. Wajomba watano wenye shilingi elfu ishirini kila mmoja ni laki moja, bora waandikiane.

Nasema haya nikiwa na jambo nyumbani. Mpwa wangu amemaliza stashahada Sigalagala mwaka jana. Yeye na wenzake wawili wa darasa moja, wenyeji wa huko, wanataka kujenga mitambo ya samadi na majiko pale pale. Dada yangu anataka mtoto arudi Likoni, na simlaumu, kwani ndiye kifungua mimba wake. Nilimwuliza kijana: ukirudi leo, ng'ombe wa zizini utawapata wapi Likoni? Akasema, "Mjomba, ndiyo hilo." Nikamwambia dada amwachie miaka miwili. Ajifunze kuuza, kukosa na kulipwa, mahali ambapo wateja wako karibu karibu. Dada amekubali kwa sharti kwamba Ramadhani aje afunge nyumbani. Nami nimetia fungu langu katika mtaji wake, kwa mudharaba, kwa maandishi.

Lakini wanangu wa Pwani wasisome haya wakafunga virago wote. Swali la mahali hujibiwa kwa kutazama chini ya miguu yako. Sisi jua tunalo. Vifuu na makumbi ya nazi yanatupwa kila uani, nayo huweza kuwa makaa. Joto letu huharakisha mitambo ya gesi kuliko baridi ya milimani. Kontena za paneli zinazoingia kwa bahari hushukia Kilindini kabla ya kupanda bara, na sisi hatuna gharama ya kuzisafirisha. Mradi wa serikali wa KOSAP, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulilenga umeme wa jua katika kaunti 14, zikiwemo Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kakamega haimo. Wanakijiji wa Gazi wamekuwa wakilinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo tangu 2013, kupitia Mikoko Pamoja, na pato likaingia katika maji na shule. Na Lamu, jahazi la Flipflopi limeundwa kwa takataka za plastiki na mafundi wetu wenyewe wa vyombo.

Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Sigalagala wajenzi wapo, kwa sababu chuo kiko kando ya shamba. Pwani miti tunayo, na vyuo tunavyo pia, ila kijana akishika cheti hukimbilia kutafuta kazi ya ofisi.

Basi kijana mwenye wazo, kabla hujamwomba mtu shilingi, chukua daftari. Andika ni nyumba ngapi unaweza kuzifikia kwa siku moja, malighafi yako inatoka wapi na ni nani anayeimiliki, kifaa kikiharibika atakitengeneza nani, na mzigo utapita njia gani. Ukikuta tatu kati ya hizo nne zina jibu hapo ulipo, anza hapo. Ukikuta moja tu, panda basi. Hata likikushusha Sigalagala.