Mshahara wa mwandishi wa programu: kabla hujauza kiwanja



Ijumaa moja ya mwaka jana, tulipokuwa tukitafuta viatu vyetu baada ya swala, mzee mmoja wa mtaani kwetu alitushika mkono akatuvuta pembeni. Kijana wake alikuwa amemaliza kidato cha sita, na hisabati ameifaulu vyema. Alikuwa amekuja mtu na karatasi ya rangi inayotangaza mafunzo ya miezi sita ya kuandika programu za kompyuta, na ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi ile ilikuwa mshahara wa dola. Ada yake haikupatikana ila kwa kuuza kiwanja alichokinunua mzee kwa kudunduliza miaka mingi, akinuia kuwajengea wanawe. "Nyinyi wanangu mnaoandika magazetini," alituambia, "hebu nambieni kweli. Hawa watu wanalipwa ngapi?"

Tuliomba tupewe wiki moja. Jibu tulilompelekea ndilo tunaloliandika hapa kwa urefu zaidi, kwani swali la mzee yule limo katika nyumba nyingi za Waislamu hivi leo.

Tulianza na Marekani, kwa sababu dola zinazotangazwa katika karatasi zile asili yake ni huko. Serikali ya nchi hiyo ina Ofisi ya Takwimu za Kazi ambayo kila mwaka hutoa hesabu ya mishahara ya kila kazi. Kwa hesabu ya Mei 2024, watengenezaji wa programu, pamoja na wenzao wanaozikagua na kuzijaribu, walikuwa na mshahara wa katikati wa dola 131,450 kwa mwaka. Maana ya mshahara wa katikati ni hii: wapange watu wote safu moja kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa kingi, kisha umtazame aliyesimama katikati ya safu. Nusu wako chini yake. Na mzazi asiifanye haraka ya kuchukua kalamu na kuzidisha dola hizo kwa shilingi, kwa kuwa mtu anayezipokea hulipia humo humo pango la nyumba, bima ya matibabu na kodi za nchi ile.

Lakini katika hesabu ile ile mna jambo ambalo karatasi za matangazo hazilisemi, nasi tuliposoma tulilirudia mara mbili. Ofisi hiyo haiwaweki watu wa programu katika fungu moja. Inayo mafungu mawili. Wapo hao watengenezaji tuliokwisha kuwataja, ambao idadi ya kazi zao inakaribia milioni moja na laki tisa. Na wapo wengine wanaoitwa waandishi wa programu tu, ambao kazi zao zimezidi laki moja kidogo, na mshahara wao wa katikati mwaka huo ulikuwa dola 98,670. Matarajio ya ofisi hiyo kwa miaka kumi, tangu 2024 hadi 2034, ni kwamba kazi za fungu la kwanza zitaongezeka kwa asilimia 15, na kazi za fungu la pili zitapungua kwa asilimia 6. Watu wa fani moja, wanaokaa mbele ya mashine za namna moja, pengine katika chumba kimoja, huyu anapanda na yule anashuka.

Tofauti yao ni nini? Mzee wetu aliielewa upesi tulipomtajia mafundi cherehani. Yupo fundi anayeshona juu ya mstari wa chaki uliochorwa na mwingine. Mshono wake waweza kuwa mzuri sana, lakini yeye hamjui mteja. Na yupo fundi anayemsimamisha mteja, akampima mabega, akamuuliza kanzu hii ni ya Idi au ya kwendea kazini, akamshauri kitambaa, kisha ndipo akakata. Mwandishi wa programu katika lile fungu linalopungua ni mshonaji wa mstari wa chaki: hupewa mpango uliokwisha kuamuliwa, akaugeuza kuwa maagizo ambayo kompyuta huyafahamu. Mtengenezaji ni yule anayempima mteja. Mshahara hufuata kipimo zaidi kuliko mshono.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Neno algoridhimu, ambalo wataalamu wa kompyuta hulitumia kwa maana ya hatua za kukokotoa jambo, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha al-jabr hakikuandikwa kwa ajili ya kuwafurahisha wapenda namba. Sehemu yake kubwa ni masuala ya mirathi na wasia: mtu amekufa, ameacha mke, watoto na deni, je, kila mmoja apate nini? Al-Khwarizmi alianza na tatizo lililokuwa likiwasumbua makadhi na wafanyabiashara, ndipo akaitafuta hesabu.

Tuje karibu zaidi. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, katika majaribio yake ya mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wenye mradi walipotazama, wakaona watu wanaitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Wangeweza kuwakataza, lakini waliutii ukweli waliouona, wakaibadilisha huduma ikawa ya kutuma fedha nyumbani. Hapana shaka kuwa uandishi wa programu ile ulihitaji mafundi hodari. Hata hivyo, utajiri uliotokana nayo ulizaliwa pale mtu alipofahamu kwamba kijana wa Nairobi anataka kumpelekea mama yake fedha kijijini bila ya kumkabidhi utingo wa basi.

Hapa huingia swali ambalo wazazi wetu huliuliza kwa sauti ya chini. Miongoni mwa waajiri wakubwa wa fani hii ni mabenki, na mabenki mengi huishi kwa riba. Je, kijana anayeandika programu ya kukokotoa riba naye yumo? Hilo ni la masheikh, na mzazi amwendee sheikh anayemwamini mapema, asingoje siku ambayo barua ya ajira imekwisha kutua mezani. Sisi tutaongeza neno moja la kiufundi tu. Zipo benki zinazoendeshwa bila riba, mathalani Gulf African Bank iliyoanza Kenya mwaka 2008 na Amana Bank iliyoanza Tanzania mwaka 2011. Katika murabaha, benki hununua kitu kwanza, kikawa mali yake, kisha ikamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Programu ya mkopo wa kawaida haijui habari ya kununua kwanza. Yenyewe hujua salio na siku, na kila siku inayopita huongeza kitu. Anayechukua programu hiyo na kubadili majina tu, akaandika "faida" palipoandikwa "riba", ameharibu. Basi kijana aliyekaa chini ya mwalimu akaifahamu vyema milango ya biashara katika fiqhi, na wakati huo huo akajua kuandika programu, ana bidhaa ambayo maelfu ya wahitimu wa kozi za miezi sita hawanayo.

Tumesema habari za kupanda, na ni wajibu kusema za kuanguka. Soko la kazi hii hujaa na kupwa kama bahari. Machi 2000 kielezo cha hisa cha Nasdaq, ambamo makampuni mengi ya kompyuta huuza hisa zake, kilivuka 5,000; kufikia Oktoba 2002 kilikuwa kiasi cha 1,100, na wengi walikwisha kupoteza kazi. Wakati wa maradhi ya korona dunia ilihamia mtandaoni, makampuni yakaajiri kwa pupa. Kisha Novemba 2022 Meta ikatangaza kupunguza watu 11,000, na Januari 2023 zikafuatia Google kwa 12,000, Microsoft kwa 10,000 na Amazon kwa 18,000. Si wote walikuwa watu wa programu, lakini walikuwamo wengi.

Afrika nayo ina kisa chake. Kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014. Iliwachagua vijana wachache kati ya waombaji wengi mno, ikawafunza huku ikiwalipa, kisha ikawapa kazi za makampuni ya nje, hasa ya Marekani. Ikafika Nairobi na Kampala, na wazazi wengi wakaona mlango umefunguka. Septemba 2019 kampuni hiyo ikatangaza kuachana na vijana wapatao 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja wanataka wazoefu, wanagenzi hawana soko. Tunawaomba wazazi walitafakari hilo. Vijana wale hawakuwa wavivu, na walikuwa wamefunzwa.

Tangu hapo mlango wa wanagenzi umezidi kuwa mwembamba. Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, na leo mashine za akili mnemba huandika kwa sekunde chache zile kazi ndogondogo ambazo mwanafunzi alikuwa akipewa ili ajifunze. Wapo wanaosema kuwa fani imekwisha. Sisi hatusemi hivyo, kwa kuwa wito huo ni wa zamani. Lugha ya FORTRAN ilipotoka mwaka 1957, na COBOL ilipoanza kubuniwa mwaka 1959 kwa maneno yanayofanana na Kiingereza cha ofisini, yalikuwapo matumaini kwamba wenye ofisi sasa watazungumza na kompyuta wenyewe. Aprili 2020, wakati watu wasio na ajira walipofurika kuomba msaada, gavana wa jimbo la New Jersey alisimama hadharani akiomba watu wa kujitolea wanaoijua COBOL, maana mitambo ya serikali yake ilikuwa bado inaitegemea. Mashine ya leo huandika kwa haraka, na hukosea kwa kujiamini vile vile. Analipwa anayeweza kusoma alichoandikiwa na kusema: hapa pana kosa, na mgonjwa atapewa dawa isiyo yake.

Je, kwenda Marekani kwenyewe? Viza za kazi za aina ya H-1B zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka kwa makampuni ya kawaida, wanaozigombea ni dunia nzima, na Septemba 2025 Rais wa nchi hiyo alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya. Mzazi asiifanye safari hiyo kuwa msingi wa hesabu yake.

Basi fedha za mzazi ziende wapi? Kwanza hisabati na Kiingereza, tangu sekondari, maana vitabu vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza na hisabati ndiyo inayowaangusha watoto wetu wengi. Pili kompyuta yenyewe, hata iliyotumika, na intaneti ya kutosha. Masomo ya mwanzo hayana haja ya kuuziwa kiwanja: somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard liko mtandaoni bure, na aliyelimaliza kwa dhati amejua kama fani hii ni yake au si yake. Shahada ina mahali pake. Mteja wa nje aghalabu huuliza umetengeneza nini, lakini anayetaka utumishi wa umma nchini ataulizwa vyeti, na vyuo vipo, kuanzia Dar es Salaam hadi Dodoma.

Na mabinti wasisahauliwe. Kompyuta ya ENIAC ilipooneshwa kwa umma Philadelphia mwaka 1946, walioipangia kazi zake walikuwa wanawake sita. Ni kazi ambayo mtu aweza kuifanya akiwa nyumbani kwake na watoto wake, akalipwa kwa alichokifanya. Tunastaajabu tunapoona baba anamnunulia kompyuta mtoto wa kiume aliyefeli hisabati, na dada yake aliyeifaulu akiazima simu.

Mzee wetu alisikiliza yote haya akiwa ameketi barazani, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo kiwanja nisiuze?" Tukamjibu kuwa asiuze.

Kijana yule sasa yuko mwaka wa kwanza chuoni. Likizo zake huzimaliza katika duka la dawa la mjomba wake. Miezi ya mwanzo hakuandika chochote. Alisimama kaunta akatazama jinsi maboksi yanavyopangwa na jinsi dawa zinavyopitwa na tarehe nyuma ya rafu bila mtu kujua. Kisha akatengeneza programu ndogo inayomwonesha mjomba kila asubuhi dawa zipi ziuzwe kwanza. Mara ya kwanza ilikosea, ikasoma mwezi kuwa siku na siku kuwa mwezi, na mjomba akagomba sana. Akairekebisha. Mjomba humlipa shilingi elfu thelathini kwa mwezi pamoja na nauli, na sasa mwenye duka la jirani naye ameomba atengenezewe. Mzee hutusimulia habari hizo kila Ijumaa tunapotafuta viatu, na kila mara hukumbuka kuongeza kwamba kiwanja kimeota magugu, inabidi atafute mtu wa kukifyeka.