Siku ya kwanza darasani: Michezo ya kufahamiana si kupoteza muda

KILA Januari, shule za wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, kama zilivyo shule nyingine nchini, hupokea wanafunzi wapya wa elimu ya awali, darasa la kwanza na kidato cha kwanza. Walimu wengi huitumia siku hiyo kuandikisha majina, kutangaza sheria za shule na kugawa zamu za usafi. Mtoto hurudi nyumbani bila kutamka neno hata moja mbele ya wenzake.

Ukimya huo una gharama. Mwanafunzi asiyezungumza juma la kwanza huzoea kunyamaza, na anayenyamaza hawezi kumwambia mwalimu kwamba hakuelewa. Ndiyo maana wataalamu wa malezi na elimu huhimiza michezo ya kufahamiana, yaani shughuli fupi zinazompa kila mtoto nafasi ya kusikika kabla hajaanza kupimwa kwa alama.

Katika wilaya hizo mbili haja hiyo ni kubwa zaidi. Wapo watoto wa vijijini ambao lugha ya nyumbani ni Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, ilhali shule ya msingi hufundisha kwa Kiswahili. Kwa upande wake, mwalimu huajiriwa na Serikali na huweza kupangiwa kituo popote nchini. Aliyetoka Kagera au Kilimanjaro naye ni mgeni, hivyo pande zote mbili zinahitaji kufahamiana.

Aidha, tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, uandikishaji uliongezeka na madarasa mengi yakafurika. Kuyajua majina ya wanafunzi 70 si kazi ya siku moja, lakini yako mambo yanayoweza kufanyika bila gharama.

La kwanza ni mduara wa majina. Wanafunzi hugawanywa katika makundi ya watu 10 chini ya mwembe au mkorosho. Kila mmoja hutaja jina lake na jambo analopenda kulifanya, kisha anayefuata hurudia jina la aliyemtangulia kabla ya kutaja lake. Mpira wa makaratasi ukirushwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine, zamu hupendeza na hakuna anayesahaulika.

La pili linawafaa wenye haya, kwa kuwa halihitaji maneno. Mwalimu husema: "Wasimame waliochota maji leo asubuhi," au "Wasimame wenye wadogo zao nyumbani." Watoto husimama, hutazamana na kugundua kwamba hawako peke yao.

La tatu ni vitendawili. Mwalimu anaposema "Kitendawili!" darasa zima huitikia "Tega!" na hata mwoga hupaza sauti akiwa ndani ya sauti za wengi. Mtoto akiruhusiwa kutega kitendawili cha kwao kwa lugha ya nyumbani, na mwenzake akakifasiri kwa Kiswahili, hujifunza kwamba alichokuja nacho kina thamani.

Kwa kidato cha kwanza tatizo hugeuka, kwani lugha ya kufundishia huwa Kiingereza. Hapo wanafunzi wawili wawili huhojiana kwa Kiswahili, kisha kila mmoja humtambulisha mwenzake kwa sentensi moja ya Kiingereza. Kumzungumzia mwingine hupunguza woga, na kosa la sarufi siku hiyo halisahihishwi hadharani.

Hata hivyo, mchezo usiochaguliwa vizuri huumiza. Kumtaka mtoto aeleze kazi ya baba yake kunaweza kumfedhehesha yatima au anayelelewa na bibi. Kucheka lafudhi yake kunaweza kumfunga mdomo mwaka mzima. Mwalimu mwenyewe anapaswa kuanza kwa kujitambulisha, na anayetaka kupisha zamu yake aruhusiwe.

Wazo hili si geni mkoani Lindi. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mkoa huo ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyonufaika na mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Serikali ya Uingereza. Ndani yake ulikuwamo Mpango wa Utayari wa Kuanza Shule (MUKU), ambao uliwatumia walimu wasaidizi kutoka katika jamii kuwaandaa kwa michezo na hadithi watoto waliokosa elimu ya awali.

Wapo wanaodai kwamba mitaala ni mirefu na muda hautoshi. Lakini dakika 20 kwa siku katika juma la kwanza hazifiki hata saa mbili, na kinachopatikana ni darasa linalothubutu kuuliza. Mzazi naye ana nafasi yake: jioni ya siku ya kwanza, kabla ya kukagua daftari, amwulize mwanawe amewajua wenzake wangapi kwa majina, na kama mwalimu amelijua lake.