Hao Wanaosafisha Mtaa Si 'Vijana Wasio na Kazi'

KILA Agosti 12, Siku ya Kimataifa ya Vijana, mambo huwa ni yale yale. Hema linasimamishwa uwanjani, fulana za bure zinagawanywa, mheshimiwa anafika akiwa amechelewa saa tatu, anatuambia sisi ni viongozi wa kesho, halafu huyoo, anaingia garini na kwenda zake. Jioni upepo unapeperusha chupa na karatasi zilizoachwa. Kesho yake asubuhi nani anaziokota? Ni hao hao vijana wa mtaa ambao kwenye hotuba zamu yao ilikuwa haijafika.

Leo tuongee juu ya hao wa reki na toroli. Na tuanze kwa kurekebisha neno moja. Mtaani, kijana akionekana saa nne asubuhi amevaa gambuti na kushika koleo kando ya mtaro, utasikia mtu akisema, "Huyo hana kazi, ndiyo maana." Hana kazi vipi, na ndiyo hiyo anafanya?

Naongea nikijua. Niliacha chuo karo ilipowashinda wazazi, na tangu hapo kila harusi na kila matanga lazima nipatane na shangazi wa kuniuliza, "Na wewe siku hizi uko wapi?" Ukitaja kitu kisicho na ofisi wala kadi ya kuning'inia shingoni, anakuambia Mungu atafungua njia. Kwa wengi wetu, kazi ni ile yenye barua ya kuajiriwa. Hiyo nyingine yote tunaiita kujitolea, na ukishaitwa wa kujitolea, hakuna anayekumbuka kwamba nawe unakula.

Sasa chukua Mathare. Mwaka wa 1987 chama cha michezo cha vijana kilianzishwa huko, MYSA, kikiasisiwa na Mkanada Bob Munro. Wazo lake lilikuwa rahisi: mnataka kucheza kwenye ligi? Sawa, lakini pia mtasafisha mtaa. Timu inayotoka kuzoa taka na kuzibua mitaro inaongezewa alama kwenye jedwali la ligi. Mkishinda mechi lakini mkwepe siku ya usafi, jedwali litawasuta mbele ya watu wote.

Kutoka kwa mpango huo ikazaliwa Mathare United mwaka wa 1994. Ilibeba kombe la Moi Golden Cup mwaka wa 1998, na mwaka wa 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Dennis Oliech, aliyetufanya tupige mayowe Harambee Stars ikicheza, alipitia hapo.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi si makombe. Ni hesabu yao. Kijana akirefa mechi, akifundisha wadogo au akiongoza usafi, alikuwa anawekewa alama zake mwenyewe, na waliofanya vizuri walilipiwa karo. Yaani jasho la mtaani liligeuka ada ya shule. Hakuna aliyeambiwa "asante sana, Mungu akubariki" kisha akaachwa arudi nyumbani kulala njaa.

Shuka sasa hadi Korogocho. Hapa ukingo wa Mto Nairobi ulikuwa jaa, na mtu mwenye akili timamu hakupita huko na simu mkononi. Mwaka wa 2017 vijana wa kundi la Komb Green Solutions walianza kuzoa taka kwenye ukingo huo, wakapanda miti na kutengeneza bustani ambayo watoto wanaweza kucheza. Baadhi yao wamesema wazi kwamba walikuwa wametoka kwenye uhalifu. Ukitaka kujua usalama wa mtaa unatoka wapi, anzia hapo: wale waliokuwa wakiogopwa ndio sasa wanaowaangalia watoto wa wenyewe wakibembea.

Na usidhani bustani kando ya mto ni mapambo tu. Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Mito ya Nairobi ilivunja kingo usiku, Mathare ikalia, na baadaye serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Ukingo wenye miti na watoto ni ukingo ambao hakuna atakayeujenga keja za mabati. Maji yakifurika, yanakuta nyasi badala ya vitanda vya watu.

Ng'ambo ya mto ni Dandora, kwao Kalamashaka. Wengi wasioishi huko wanaijua kwa jaa lake, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa 2001, ilhali malori hayajaacha kumwaga. Lakini ingia ndani ya mtaa uone viwanja vya katikati ya nyumba, vile wenyeji wanaviita koti. Kwa miaka mingi vilikuwa matope, taka na giza. Kuanzia 2014, vijana wa Dandora Transformation League wakaandaa mashindano ya kuvibadilisha, wakayaita Changing Faces. Kila kundi linachukua koti lake: linazoa, linapaka rangi, linapanda maua, linaweka geti.

Halafu inakuja sehemu ambayo ningependa kila mtaa uige. Koti likiwa safi, lina thamani. Wenye nyumba na wapangaji wanachanga kiasi kidogo kila mwezi, vijana wanafanya usafi na kulinda usiku. Mwenye gari anaegesha na kulipa, mwingine anaoshewa. Pesa si nyingi, hakuna anayenunua ploti Ruiru kwa kulinda koti. Lakini zinatosha kumfanya kijana arudi kesho, na usafi ni kitu cha kesho na kesho kutwa, si cha siku moja ya kupigwa picha.

Hata serikali ilishawahi kukubali kwamba hii ni kazi. Corona ilipotufungia mwaka wa 2020, ilianzisha Kazi Mtaani, na awamu ya pili ikalenga zaidi ya vijana 270,000 kwa shilingi 455 kwa siku. Walifagia, wakazibua, wakafyeka. Programu ikaisha. Mitaro haikuacha kuziba kwa sababu programu imeisha.

Na kuna jambo jingine linaloyaua makundi haya, wala si uvivu. Ni ardhi. Sehemu ikiwa jaa, haina mwenyewe. Ikishakuwa safi, ghafla inapata wenyewe watatu: mmoja ana karatasi, mwingine anajua mkubwa fulani, wa tatu ameshaleta mawe na mchanga. Kundi lililotoa jasho miaka miwili linafukuzwa kwa siku moja. Ukiuliza mbona, unaambiwa nyinyi si lolote, ni vijana tu.

Kwa hivyo, wasee, kabla ya kununua reki, nunueni daftari. Andikeni nani alifanya nini na lini, pigeni picha kabla na baada. Mkiwa watu kumi au zaidi, jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Mkiwa na cheti mnaweza kufungua akaunti ya kundi, na kanjo akija mna kitu cha kumwonyesha. Mkikua, sajilini kampuni na muulize kuhusu AGPO, mpango uliotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Sisemi zabuni zinaokotwa barabarani. Nasema usipoomba, atapewa mwingine ambaye hata mtaro wenu haujui.

Na wewe unayeishi kwenye ploti iliyo safi bila kujua nani anaisafisha, kuna njia moja ya kusherehekea vijana ambayo haihitaji hema wala spika. Mwisho wa mwezi wakibisha kuomba mchango wa taka, usijifanye umelala. Mheshimiwa akitaka kujengesha vibanda kwenye uwanja waliousafisha, fika kwenye mkutano useme hapana. Na ukimkuta kijana ameshika koleo saa nne asubuhi, msalimie kama mtu aliye kazini. Mwambie, "Pole na kazi." Kisha mlipe.