Stika ya Kioo Hailipii Mfuko wa Barua

Pita Mtito Andei usiku wa manane uone malori, mabasi na pikapu zilivyoegeshwa kandokando ya barabara ya Mombasa, madereva wakinywa chai. Baadhi ya magari hayo yamebeba barua na vifurushi vya watu. Zamani mzigo huo ulipita hapa kwa reli. Siku hizi mara nyingi unabebwa na mkandarasi, pengine mwenye lori moja tu, aliyepewa njia na posta au kampuni ya vifurushi. Akishabandika stika ya bima kwenye kioo, huona amemaliza. Bado kabisa.

Stika hiyo inatokana na Sura 405 ya sheria za Kenya, na inamhusu mtu wa tatu: aliyegongwa au kuuawa na gari lako. Tena sheria hailazimishi bima kupita shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kinachobaki ni deni la mwenye gari. Lori likigonga ndovu kati ya Mtito Andei na Voi, pale barabara inapopita baina ya Tsavo Magharibi na Tsavo Mashariki, bima ya mtu wa tatu hainunui hata taa. Hapo ni lazima uwe umekata bima kamili.

Mfuko wa barua nao haumo. Unahitaji bima yake, ya mzigo ulio safarini, na hii ndiyo ningemsihi mkandarasi aisome neno kwa neno. Tazama kikomo cha kila safari, maana mfuko uliokuwa na barua tupu sasa unaweza kuwa na simu kumi za mfanyabiashara wa mji wa Wote. Kisha tafuta kifungu cha gari lililoachwa bila mtu. Bima nyingi za aina hii hazilipi wizi uliotokea gari likiwa limeachwa peke yake. Dereva na utingo wakishuka pamoja kwenda kula, lakiri ikakatwa, dai linaweza kukataliwa hata kama malipo ya bima yalikamilika. Mmoja abaki garini.

Hao wawili je? Sura 405 haidai bima ya mfanyakazi anayeumia akiwa kazini. Kazi hiyo imeachiwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, inayomtaka kila mwajiri awakatie bima watu wake. Ulemavu kamili wa kudumu hupimwa kwa mapato ya miezi 96. Dereva wa shilingi 20,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,920,000. Lori kuukuu halifikishi bei hiyo, na ndiyo maana naudhika nikisikia mkandarasi akiiita bima hii anasa.

Kuna pia suala la saa za kuendesha. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Hata kwa mwendo wa 80 bila kusimama ni saa 6. Kwenda na kurudi usiku mmoja kwa dereva mmoja hakuwezekani kihalali. Mkataba unaodai barua zifike na gari lirudi asubuhi lazima uwe na bei ya dereva wa pili, na Mtito Andei, karibu nusu ya njia, ni mahali pazuri pa kupokezana usukani. Bei isipotosha, mkandarasi akatae kutia sahihi.

Leseni ya kubeba barua na vifurushi kwa malipo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni nyingi za mabasi na sacco zinayo. Mkandarasi hubeba kwa jina la aliyempa kazi. Akianza kupokea vifurushi vyake binafsi njiani, Kibwezi au Makindu, amejiingiza katika biashara isiyo na leseni, na mzigo huo haumo kwenye hati wala kwenye bima. Nayo pikipiki inayomalizia safari vijijini isitumie bima ya matumizi binafsi, maana inabeba kwa malipo.

Ajali ikitokea, polisi na kampuni ya bima wajulishwe mara moja. Mfanyakazi akiumia, mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Namba za lakiri na orodha ya mifuko, yenye sahihi ya aliyeikabidhi, ziwe na nakala ofisini, kwa sababu ile ya garini huenda ikaungua na gari.