Kujua Fadhila ya Mti: Dhana ya Shukrani katika Ubudha

Mfasiri akutanapo na neno la Kipali kataññutā huelekea kuandika "shukrani". Tafsiri hiyo si kosa, lakini inaficha jambo la msingi. Kata ni "lililotendwa", na ññū ni "mwenye kujua". Kinachotajwa ni ujuzi, si kauli. Kwa maoni yetu, "kujua fadhila" kunakaribia zaidi. Tofauti hii ina uzito, kwani mti hausikii asante, ilhali fadhila yake yaweza kujulikana. Mapokeo husimulia kwamba Buddha, baada ya kupata mwangaza huko Bodh Gaya, aliutazama juma zima, bila kupepesa macho, mti uliomhifadhi.

Kwa msingi huo twaweza kuyaelewa matendo ya watawa wa Thailand ambao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wamekuwa wakiivisha miti majoho ya utawa. Wapo waliowapinga wakidai kuwa utawa ni wa binadamu peke yake. Hoja hiyo, tunadhani, inakosa shabaha: mti haufanywi mtawa. Baada ya mafuriko ya Novemba 1988 kusini mwa nchi hiyo, yaliyohusishwa na ufyekaji wa misitu, serikali ilipiga marufuku uvunaji wa magogo mnamo Januari 1989. Lakini marufuku humzuia mkataji tu. Joho humwonyesha mwanakijiji kile ambacho msitu umekwisha kumtendea.