Kanieneo, Presha na Vyombo vya Kupimia

Neno "presha" limebebeshwa mizigo mingi. Hospitalini Mvumi, kusini-mashariki mwa Dodoma, kama ilivyo katika hospitali nyingine nchini, presha ni msukumo wa damu katika mishipa. Ni ugonjwa wa msukumo huo kuzidi. Tena ni hali ya gesi iliyoshindiliwa katika mtungi wa oksijeni. Mgonjwa husema "sina presha", akimaanisha kuwa haumwi, ilhali asiye na presha kabisa hayuko hai. Naye anayeambiwa "presha yako ni ya kawaida" aweza kurudi nyumbani akidhani kuwa anao ugonjwa, ila si mkali.

Katika fizikia dhana hii huitwa kanieneo, yaani kani inayoelemea eneo, ikigawanywa kwa eneo hilo. Vyombo vya kuipimia ni vya namna mbili.

Barometa, iliyobuniwa na Evangelista Torricelli wa Italia mwaka 1643, hupima kanieneo lote la hewa inayotuzunguka. Kwenye usawa wa bahari hewa husimamisha zebaki kimo cha milimita 760 hivi. Mjini Dodoma, palipoinuka mita 1,100 hivi, kimo hicho hakifiki 680.

Namna ya pili hupima tofauti tu kati ya kanieneo la ndani ya chombo na la hewa ya nje. Ndivyo ilivyo geji ya mtungi. Ndani yake mna mrija uliopindwa, ambao hujikunjua gesi inapousukuma, ukazungusha mshale. Eugène Bourdon wa Ufaransa aliusajili ubunifu huo mwaka 1849. Mshale ukionyesha sifuri, mtungi bado una gesi, lakini kanieneo lake ni sawa na la nje. Kipimo cha damu nacho ni hivyo: 120 ni milimita za zebaki kuzidi hewa ya nje, na kwa hiyo namba hiyo ina maana ile ile Mvumi na Dar es Salaam.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga utengenezaji wa vyombo vya zebaki vya aina hizi ukome mwaka 2020. Hata hivyo, milimita zake zingali zikisomwa.

Tunapendekeza basi: kanieneo liwe jina la dhana, barometa ibaki kwa hewa, na geji kwa tofauti. Ugonjwa uitwe shinikizo la juu la damu. Presha hatuifukuzi mitaani, twaomba tu mwuguzi, baada ya kuitamka, aongeze: "Huumwi."